Naomba ushauri: maswali ya Vasco da Gama na Al-Inkishafi

BintiMalindi: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninamlea mpwa wangu aliye sekondari. Ameulizwa kwa nini Malindi ilimpokea Vasco da Gama, baharia Mreno, mwaka 1498 ilhali Mombasa ilimkataa, na jinsi mshairi anavyoyatumia magofu ya mji wa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi. Majibu ya namna hii hupangwaje? Usingizi umenipaa.

MwalimuMstaafu: Aanze na uhasama wa miji yenyewe. Malindi na Mombasa zilishindana, kwa hiyo mfalme wa Malindi aliwaona wageni wale wenye mizinga kuwa washirika wa kumfaa, akawapa rubani wa kuwafikisha Calicut, huko India. Mwanafunzi anayetaja ukarimu peke yake amesimulia, hajajibu.

NahodhaWaPate: Mimi ni wa Pate, na bibi yangu alikuwa akizighani beti hizo, nasi wajukuu tumemzunguka kimya. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, kisha anauonyesha madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa vyombo vya thamani, ambayo sasa yanalaliwa na makinda ya ndege. Mtoto alitaje daka hilo kabla ya kutaja maudhui.

MkaziWaLamu: Dada, majibu yanatakiwa lini, na mtoto ameandika nini mpaka sasa?

BintiMalindi: Yamekwisha kupelekwa. Niliyaandika mimi, yeye akanakili, na sasa mwalimu anamtaka ayaeleze mbele ya darasa Jumatatu. Jioni hunisaidia kuuza samaki, hurudi amechoka; ningemwacha apate sifuri? Nimekwisha kumwandikia maelezo ya kukariri.

UmmuSalim: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, dada yangu. Chana hayo maelezo.

Mdadisi: Naona hapa hakuna mpwa. Aliyeandika majibu mazuri kiasi cha kumtia mwalimu shaka haulizi yanapangwaje. Anayeuliza ni mwanafunzi mwenyewe.

BintiMalindi: Mimi ni shangazi yake, wallahi. Niliyatoa katika daftari la mwanafunzi wa mwaka jana.

MwalimuMstaafu: Awe shangazi au mwanafunzi, Jumatatu ni ile ile. Usimkaririshe, muulize: urafiki ule uliishia wapi, ikiwa Wareno baadaye walihamishia makao yao Mombasa, walikoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593? Mwache abishane nawe hapo hapo mnapouza samaki. Mwalimu wake atauliza "kwa nini" mara ya pili, na hapo maneno ya daftari hayatamfaa.

NahodhaWaPate: Na jibu la daka asiliache.