Chama kisichokuajiri kikitaka uondolewe kazini, unamshtaki nani? Tuijadili kesi ya kocha Tarkanian

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naomba leo tuweke kando matokeo ya mechi tuzungumzie haki ya kocha. Kuna kesi ya mpira wa kikapu wa vyuo Marekani iliyoamuliwa mwaka 1988, na kila nikiirudia napandwa na hasira. Swali lake ni hili: chama ambacho hakikukuajiri kikimwagiza mwajiri wako akuondoe, na mwajiri akatii huku mwenyewe haamini kuwa umekosa, unakwenda kumshtaki nani?

Kocha ni Jerry Tarkanian, mzaliwa wa Ohio kutoka familia ya Waarmenia. Wapenzi wa kikapu wa zamani watamkumbuka akiwa benchi, anatafuna taulo lililoloweshwa maji. Mwaka 1973 alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Nevada mjini Las Vegas, UNLV kwa kifupi, chuo cha serikali ya jimbo. Timu ilikuwa ya kawaida tu. Miaka minne baadaye ilishinda mechi 29 kati ya 32 ikashika nafasi ya tatu katika mashindano ya vyuo vya taifa zima. Septemba ya mwaka huohuo, 1977, chuo kikamwarifu kuwa anasimamishwa.

Hakuwa amegombana na chuo. Shinikizo lilitoka NCAA, chama binafsi kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho kesi ilipofika mwisho kilikuwa na wanachama wapatao 960, vyuo vya serikali na vya watu binafsi. Kamati yake ya nidhamu ilisema imekuta makosa 38 pale UNLV, 10 kati ya hayo yakimgusa kocha mwenyewe, mengi yakihusu namna wachezaji walivyosajiliwa na kutunzwa. Zito kuliko yote kwa upande wake lilikuwa kwamba hakutoa ushirikiano kwa wachunguzi. Chuo nacho kilikuwa kimefanya uchunguzi wake kwa msaada wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na Oktoba 1976 kikajibu kwamba tuhuma si za kweli na kocha hana hatia. Mbele ya kamati, upande wa chama ulitegemea sana wachunguzi wakisimulia kwa kumbukumbu walichoambiwa kwenye mahojiano. Upande wa chuo ulileta hati za viapo. Kamati ikaamini masimulizi.

NCAA haikuwa na mamlaka ya kumgusa kocha moja kwa moja. Ilichofanya ni kukiweka chuo chini ya uangalizi kwa miaka miwili, kisha kukitaka kijieleze kwa nini kisiongezewe adhabu iwapo hakitamtenga Tarkanian na timu kwa kipindi chote hicho. Waliowahi kupokea barua ya kujieleza ofisini wanaijua lugha hii. Tofauti ni kwamba hapa anayetakiwa kujieleza ni mwajiri, na anayeumia ni mwajiriwa.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Kabla ya kumsimamisha, chuo kiliitisha kikao chake cha kumsikiliza kocha. Aliyekiongoza, makamu wa rais wa chuo, Brock Dixon, aliandika kwamba namna NCAA ilivyopima ushahidi na kumpa mtuhumiwa haki zake ilikuwa chini ya kile ambacho mtu angetarajia, na kwamba tuhuma zenyewe zilikuwa na shaka. Akampa rais wa chuo njia tatu. Ya kwanza, kukataa agizo na kusubiri adhabu kubwa zaidi. Ya pili, kukubali kwamba chuo kilishaikabidhi NCAA neno la mwisho, na hivyo kumwondoa kocha hata kama chuo kinaamini NCAA imekosea. Ya tatu, kujitoa NCAA kabisa.

Rais alichagua ya pili. Yaani mtumishi wa umma anashushwa cheo na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara na mwajiri ambaye ameshaandika kwenye karatasi kwamba ushahidi una shaka.

Siku moja kabla adhabu haijaanza, Tarkanian alikwenda mahakama ya jimbo akapata zuio. Kesi ilizunguka miaka kumi na moja. Mahakama za Nevada zilimpa ushindi, zikisema NCAA ilitenda kama mkono wa serikali na ikamnyima haki ya kusikilizwa ipasavyo. NCAA ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 12 Desemba 1988, majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba NCAA ni chama binafsi, na ile Katiba inayoibana serikali haikibani.

Mimi nasimama na wale wanne. Aliyeamua hakushtakika, na aliyeshtakika hakuamua. Karibuni tujadili, ila tujadili kwa hoja.

WAKILI, NAIROBI

Ndugu mleta mada, umeieleza vizuri lakini hoja ya Jaji Stevens, aliyeandika kwa niaba ya wale watano, umeiruka. Naomba niiweke hapa kama ilivyo, maana ina uzito.

Kanuni za NCAA hazikutungwa na jimbo la Nevada. Zilitungwa na mamia ya vyuo, vingi mno vikiwa nje ya jimbo hilo. Katika mgogoro wote chuo na chama hawakuwa kitu kimoja. Walikuwa mahasimu, chuo kikimtetea kocha wake hadi mwisho. Utasemaje kwamba mtu unayepambana naye ndiye anayetumia madaraka yako? Chama hakikuwa na uwezo wa kumlazimisha shahidi kufika wala kumwadhibu anayekaidi, mamlaka ambayo dola inayo. Aliyetia saini ya kumsimamisha Tarkanian ni chuo, na chuo ni cha serikali, kwa hiyo mlango wa kukishtaki chuo ulikuwa wazi. Hata ile njia ya tatu ya Dixon ilikuwepo. Ilikuwa chungu, lakini ilikuwepo.

Ukisema kila chama chenye nguvu ni serikali, kesho kila uamuzi wa refa utakuwa kesi ya katiba.

KOCHA WA SEKONDARI, MWANZA

Kaka, mimi nafundisha kikapu kwenye shule ambayo kuna msimu tulikuwa na mpira mmoja wa kueleweka, kwa hiyo nalitazama hili kutoka chini. Tarkanian hakuwa malaika. Long Beach State, alikotoka kabla ya Las Vegas, iliadhibiwa mwaka 1974 kwa makosa ya enzi zake. Fresno State nayo, alikokwenda baadaye, ilipata matatizo. Mtu mmoja, vyuo vitatu, na kila mahali NCAA inagonga mlango.

Wenye pesa wakiachiwa wanunue wachezaji, sisi wengine tunashindana na nini? Na wakili kasema kweli: chama hakiwezi kumkamata mtu wala kumwapisha. Ukikidai ushahidi wa kiwango cha mahakama, hakitamnasa mtu yeyote, na wajanja wote wanajua hivyo. Mimi naunga mkono wale watano.

MAMA WA MCHEZAJI, DODOMA

Naomba niseme na mimi, ingawa sheria siijui. Mwanangu wa kiume alikuwa kwenye timu iliyoondolewa mashindanoni kwa madai kwamba mmoja wao kadanganya umri. Barua ilifika asubuhi ya mechi, watoto wameshavaa jezi, basi liko getini linanguruma. Hakuna aliyeulizwa. Yule kijana mwenyewe alikuwa na cheti cha kuzaliwa ndani ya begi, akakitoa, hakuna aliyekipokea mkononi. Nisingeumia hivi kama wangesema kadanganya baada ya kukisoma.

MLETA MADA

Mama, pole sana. Uliyosema yanatosha kuwa mada nyingine, na ndiyo sababu hasa nimeileta hii.

Kocha wa Mwanza, sina ugomvi na adhabu. Kama Tarkanian alivunja kanuni, aadhibiwe, na historia yake ya Long Beach siifichi. Ila tazama adhabu hii iliishia kwa nani. Mwaka 1990 UNLV walichukua ubingwa kwa kuifunga Duke 103 kwa 73. Miezi michache baadaye NCAA ikasema adhabu ya mwaka 1977 haijatekelezwa kwa sababu ya lile zuio, kwa hiyo timu hairuhusiwi kutetea taji lake. Wakajadiliana wakafikia mwafaka: timu icheze mashindano ya 1991, ikae nje mwaka 1992. Msimu huo wa 1992 ilishinda mechi 26 ikafungwa mbili, kisha vijana wakabaki nyumbani. Hao vijana, madai ya mwaka 1977 yalipoamuliwa, walikuwa watoto wa chekechea. Hiyo nidhamu ilimfundisha nani?

Kuhusu chama kukosa nguvu za kumwapisha shahidi, mimi nasoma kinyume chako. Asiye na nyenzo za kujua ukweli anapaswa kuwa mwangalifu zaidi anapokaribia mkate wa mtu. NCAA ilifanya kinyume: ilichukua masimulizi ya mchunguzi ikayapa uzito kuliko viapo. Kurekodi mahojiano hakuhitaji mamlaka ya dola. Kinahitajika kinasa sauti na nia.

Wakili, nakuheshimu, na hoja ya mahasimu ndiyo ngumu kuliko zote. Jibu lake alilitoa Jaji Byron White, aliyeandika kwa niaba ya wale wanne, na huyo mwenyewe alicheza futiboli ya Kimarekani chuoni na hadi ya kulipwa. Alisema chuo kilishakubali kwa mkataba kufuata kanuni za NCAA na kuyapokea matokeo ya uchunguzi wake kuwa ya mwisho. Ugomvi wa njiani haufuti makubaliano hayo. Walibishana kwenye kikao, lakini kilipoisha walitenda pamoja: mmoja akaamua, mwingine akatekeleza.

Na njia ya tatu, kujitoa. Wewe unajua chuo kinachojitoa NCAA kinacheza na nani? Hakuna. Mlango uliopakwa rangi ukutani si mlango.

MCHANGIAJI ANAYEISHI OHIO

Nyongeza kidogo kwa wanaofuatilia. Jimbo la Nevada halikukaa kimya. Mwaka 1991 bunge lake lilitunga sheria ya kuilazimisha NCAA kumpa mtuhumiwa haki kamili za kujitetea. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaifuta, kwa hoja kwamba jimbo moja haliwezi kukipangia taratibu chama kinachofanya kazi nchi nzima. Kwa hiyo Katiba haikibani chama, na bunge la jimbo haliwezi kukibana. Hapo namuunga mkono mleta mada.

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu hiyohiyo, tena kwa tano dhidi ya nne, iliamua kwamba chama cha michezo ya shule cha Tennessee kinatenda kama serikali, kwa sababu wanachama wake walio wengi sana ni shule za umma za jimbo moja. Ukitanuka nchi nzima unaponea, ukibaki jimbo moja unabanwa. Na Jaji Stevens safari hii alikuwa upande wa walioshinda pia.

Tarkanian mwenyewe aliishtaki tena NCAA mwaka 1992, akidai ilimwandama kwa miaka. Mwaka 1998 walimalizana nje ya mahakama, chama kikamlipa dola milioni 2.5 bila kukiri kosa. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa kikapu mwaka 2013, akafariki Februari 2015.

WAKILI, NAIROBI

Nakubali kwamba pale kuna pengo. Huku Kenya sheria yetu ya mwaka 2015 inayotekeleza Ibara ya 47 ya Katiba imelishughulikia: inavihusu vyombo vya serikali na visivyo vya serikali, ilimradi uamuzi wake unagusa haki au maslahi ya mtu. Tarkanian angekuwa Nairobi, sentensi hiyo moja ingempa pa kuanzia.

Lakini ndugu, usisahau upande wa pili wa sarafu. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya baada ya serikali kuingilia shirikisho la soka, tukaondolewa hata kwenye kufuzu AFCON. Mahakama na serikali zikiruhusiwa kuingia kila chumba cha michezo, anayelipa ni mchezaji. Wewe ungetaka nini hasa kifanyike?

MLETA MADA

Swali zuri, na sitaki kulikimbia. Sitaki jaji aamue nani kasajiliwa kihalali. Hilo ni la chama. Ninachotaka ni kwamba kabla chama hakijamgusa mtu riziki yake, mahojiano yarekodiwe, mtuhumiwa ajue nani kasema nini na apate nafasi ya kumuuliza, na wanaoamua wasiwe watu wa nyumba moja na waliochunguza. Mahakama ikague hayo tu.

Wala si ndoto zangu. Baada ya misukosuko hii NCAA iliunda jopo chini ya Rex Lee, aliyewahi kuitetea serikali ya Marekani mbele ya Mahakama ya Juu. Mwaka 1991 jopo lilipendekeza mahojiano yarekodiwe na kiwepo chombo cha rufaa, na hayo yakakubaliwa. Lilipendekeza pia wasikilizaji huru wa kisheria na vikao vya wazi. Hayo vyuo vilikataa. Mwaka 2018 jaji mmoja wa Los Angeles, katika kesi ya kocha msaidizi wa futiboli, Todd McNair, alisema adhabu ya aina hii inapingana na sheria ya California inayolinda uhuru wa mtu kufanya kazi yake. Pande mbili zikaja kumalizana mwaka 2021, suala likabaki palepale.

Kuhusu FIFA, wakili, mfano wako unanipa nguvu mimi. Nchi nzima haikuweza kusema "tunajitoa". Sasa nijibu hili: ikiwa taifa lenye bunge, jeshi na mahakama halina njia ya tatu, chuo cha Las Vegas kilikuwa nayo kweli?