Hivi naweza kuomba mwanangu amwone rubani tukishatua?

Mama Kulwa:
Habari za jioni wakuu. Mwisho wa mwezi nasafiri na mapacha wangu, miaka 9, Dar kwenda Mwanza kwa bibi yao. Doto hana neno, akipata siti ya dirishani kamaliza. Kazi ipo kwa Kulwa. Daftari lake la hisabati lina ndege nyingi kuliko hesabu, na tangu asikie habari ya safari swali ni moja tu: atamwona rubani? Inawezekana kuomba, au nitaonekana mshamba? Na namwomba nani?

Pangaboi:
Ushamba uko wapi dada? Mimi nilimwombea mama yangu, wakati huo ana miaka 71. Ruti hiyohiyo, Dash 8 ya mapangaboi. Nilimwambia mhudumu palepale mlangoni tunapanda, kabla hata sijaweka begi. Akasema atamuuliza kapteni, tukitua tubaki tumekaa.

Injini zikazimwa, watu wakashuka wote, mhudumu akatuita kwa kidole.

Ni padogo, nakuambia! Mama alisimama mlangoni, mimi nikawa nachungulia juu ya kilemba chake. Joto, harufu ya kahawa, swichi mpaka darini. Kapteni siti ya kushoto, mistari minne begani. Kulia binti wa mistari mitatu, anajaza karatasi juu ya goti. Mama akamtazama weee, kisha akamuuliza, "Na wewe unaendesha, au unamsomea tu?"

Binti akacheka. "Leo nimerusha mimi mama, na kutua nimetua mimi. Tunapokezana."

Mama akamgeukia kapteni, naye akaitikia kwa kichwa. "Kumbe ndiyo maana sikushtuka."

Halafu akaona dira. Marehemu baba alikuwa nahodha wa boti ya mizigo ya Ukerewe, na pale juu, katikati ya vioo vya mbele, kuna dira ndogo inayoelea kwenye maji yake kama ile ya baba. Maskrini yote yale hakuyajali, kidole kikaenda hapo: "Hii naijua." Kapteni akamwambia ndiyo inayobaki hata umeme wote ukikatika.

Hazikufika dakika tano. Mama akawaachia kashata alizombebea dada yangu. Dada hajui mpaka leo.

Mzee wa Zamani:
Zamani ilikuwa raha zaidi. Mwaka 1996 nikiwa mtoto nilipelekwa mbele tuko angani kabisa, usiku, nikaona nyota kwa mbele badala ya ubavuni. Baada ya Septemba 11, 2001 hiyo ikafa. Mlango siku hizi umeimarishwa hata risasi isipenye, na unafungwa safari nzima. Kwa hiyo usimwahidi mtoto habari za angani.

Niliwahi Kuhudumu:
Nimefanya kazi ya uhudumu miaka sita. Pangaboi kasema vizuri, ila Mama Kulwa angalia saa. Ndege ikitua Mwanza mara nyingi inageuza muda uleule. Marubani wana mafuta ya kukagua, hali ya hewa, karatasi za mzigo. Ikiwa imechelewa, utaambiwa hapana, na wala si kiburi. Omba hata hivyo. Mara kibao nimepeleka ombi nikidhani litakataliwa, kapteni akasema "mlete".

Kulwa asiguse kitu mpaka aambiwe. Picha, uliza kwanza. Na mpe swali la maana: kwa nini barabara ya kurukia Dar ina namba 05 upande mmoja na 23 upande wa pili? Jibu liko kwenye ile dira ya mama. Ndege ikielekea karibu nyuzi 230, unatoa sifuri ya mwisho, inabaki 23. Mwanza ni 12 na 30. Rubani akiulizwa hivyo na mtoto wa miaka tisa, haharakishi kumtoa.

Mama Kulwa:
Asanteni sana jamani. Nimemsomea. Sasa anauliza kama dirisha la rubani linafunguka, maana eti kwenye picha aliona mtu katoa mkono.

Niliwahi Kuhudumu:
Mwambie hakukosea. Boeing 737 na Airbus A320, la pembeni linafunguka ndege ikiwa chini. Dash 8 hapana, ile ina mlango wa dharura darini, juu ya vichwa vyao.

Mama Kulwa:
Haya. Kaenda kuchora mlango darini.