Ngome niliyochora inaelea kama mtumbwi, nimekosea wapi?

Fundi_Kibirizi
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Mimi fundi wa injini za boti; rangi za maji najifundisha mwenyewe jioni, nikishatoa grisi kwenye kucha. Nimechora ngome ya Conwy, kule Wales, nikiangalizia kalenda ya zamani. Maelezo yake yanasema ilijengwa 1283 hadi 1287 kwa amri ya mfalme Edward wa Kwanza, ina minara minane. Kwenye picha naiona sita, nimechora sita. Rangi ya mawe nimeipata kwa buluu na kahawia, nyeusi sijagusa, na hapo najisifu kidogo.

Shida iko chini. Kati ya mwamba na maji kuna mkanda wa kahawia unaong'aa. Nikaona ni sura ya ukuta ndani ya maji, kama vilima vyetu vinavyoonekana asubuhi ziwa likiwa shwari, nikauchora hivyo. Sasa mke wangu kapita nyuma yangu akauliza, "Hiyo meli inakwenda wapi?" Manila nayo imejikunja kama dagaa juani.

Mnyanyembe
Manila haibebi maji, mkuu. Tafuta karatasi nene, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ibandike kingo zote nne kwenye plaiwudi, usiibandue mpaka ikauke kabisa. Halafu stesheni ya Mjerumani unayo hapo mjini, Wales unafuata nini?

Bi_Chumbageni
Kaka, huo mkanda ni tope! Mto Conwy unaingia baharini hapo karibu tu, kwa hiyo maji yanakupwa na kujaa kama huku kwetu Tanga. Mpiga picha alikuta yamekupwa. Tope lichore kwa brashi iliyokaribia kukauka, mistari ya kulala, uache vidoa vyeupe penye unyevu. Sura ya ngome ianzie maji yanapoanzia, na usiichore nzima: tope limeficha sehemu ya chini, majini vitaonekana vichwa vya minara tu. Vikoleze kidogo kuliko minara yenyewe.

Fundi_Kibirizi
Dada, umenimaliza. Miaka yote hii nakula kwa maji, sijawahi kuyaona yakiondoka na kurudi siku hiyohiyo. Ziwa letu likipanda limepanda, waulize wenye vibanda vya ufukweni. Nimejaribu kuufuta ule mkanda kwa sifongo mbichi, manila ikachunika ngozi, na mnara mmoja ukaenda nao. Naanza upya.

Mnyanyembe, stesheni nimeshaichora mara nne, wapiga debe wananiita Picha. Hiyo ya gramu 300 hapo Tabora ipo? Kama ipo nitumie mbili kwa treni, pesa natuma leo.

Mnyanyembe
Ipo moja, imekunjwa kona. Unaitaka?

Fundi_Kibirizi
Lete. Kona hiyo nitaweka mawingu.