Kama hamtaki mbwa semeni kwenye simu, msipokee hela kwanza! Yaliyonikuta Mtwara

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa bei za hoteli za kusini, hili ni jambo lingine kabisa. Nimekaa siku nne nikisubiri hasira zishuke ndiyo niandike. Hazijashuka.

Mimi na mke wangu tuna Coaster ya zamani tuliyoinunua haina hata siti moja. Fundi katuwekea kitanda, jiko la gesi, tenki la maji la lita 100 na sola juu ya bodi. Humo ndani tunalala wanne: sisi wawili, Bobi, ambaye ni mbwa koko niliyemuokota mtaroni, na Shaba, ambaye mama yake alikuwa German shepherd na baba yake Mungu anamjua. Wote wana kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa, na kibali cha kuwasafirisha nilikitafuta kwa watu wa mifugo kabla sijawasha gari. Nayasema mapema maana najua kuna mtu hapa atakuja na "ulifuata taratibu mkuu?" Nilifuata.

Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560, tukazigawa kwa siku nne. Njiani sina la kulalamika. Kilwa Masoko mmoja alibaki na mbwa, mwingine akavuka kwenda Kisiwani kuangalia magofu, kesho yake tukabadilishana. Lindi mzee mmoja alituomba tusogeze gari kwa sababu watoto wa madrasa wanapita pale jioni na wanaogopa mbwa. Tukasogea, yakaisha, akatuletea na maembe. Trafiki mmoja alichungulia ndani akauliza hawa wawili wa nyuma wamekata tiketi? Tukacheka tukaondoka.

Sasa njoo Mtwara.

Kuna kambi ya ufukweni, jina silitaji, wanaopokea magari ya kulala. Nikawapigia wiki moja kabla. Nikasema mbwa wawili, wakubwa. Nikarudia: WAWILI, WAKUBWA. Jibu likaja kwa meseji na ninayo mpaka leo: "Karibuni sana na mbwa wenu, eneo ni kubwa." Wakaomba advansi, nikatuma elfu 80 ya siku mbili. Muamala ukapita ndani ya sekunde, hapo hakukuwa na tatizo la mtandao.

Tumefika saa tisa alasiri, mwezi wa kumi, jua unalijua. Mlinzi kafungua geti nusu, akaona pua ya Bobi dirishani, akalirudisha. Akaja meneja. "Kaka, mbwa hatupokei." Nikamwonesha meseji. Akaisoma, akanirudishia simu, akasema aliyejibu ni kijana wa mapokezi na ameshaacha kazi. Sawa, aliyejibu hayupo. Na namba iliyopokea hela je, nayo imeacha kazi?

Baada ya mabishano akatoa ofa. Mbwa wafungwe nyuma, kwenye banda la jenereta, elfu 20 kwa kila mbwa kwa usiku. Nikaenda kuliona. Mabati matupu, hakuna kivuli cha mti, mchanga mweusi kwa dizeli iliyomwagika. Shaba alikanyaga pale akaanza kunyanyua mguu mmoja mmoja kama anacheza ngoma, ulimi nje, ananiangalia usoni. Mke wangu hakusema neno, alimbeba. Shaba ana kilo zaidi ya 30 wakuu. Alimbeba mpaka kwenye gari.

Labda ningeondoka kimya. Lakini wakati nageuza gari nikaona upande wa baharini limeegeshwa gari kubwa la kusafiria lenye namba za nje, wazungu wawili wamekaa na soda zao, na chini ya meza yao amelala mbwa. Mbwa mzima, mwenye mkia. Nikamuuliza meneja, yule ni mbuzi? Akasema "wale ni wageni wa siku nyingi." Hela nikaambiwa hairudi, ni utaratibu wa kampuni.

Wenye kujibu "mkuu ile ni pwani, mbwa ni najisi" naomba mnisikilize kidogo. Nimezaliwa pwani, najua mate ya mbwa yanaoshwa mara saba na moja kwa udongo. Mwenye eneo akiniambia kwa imani yake hapokei mbwa, naheshimu na sina neno. Ila imani haibagui mbwa kwa paspoti ya mwenye mbwa! Na kwa historia tu: Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi wa Kizungu, alishuka hapohapo Mikindani, jirani na Mtwara mjini, mwaka 1866 na ngamia, nyati na punda, na safari ile alikuwa na kambwa aina ya poodle kakiitwa Chitane. Karne moja na nusu imepita, sisi wenye nchi tunapelekwa kwenye jenereta.

Giza lilikuwa linaingia. Mlinzi, nadhani kwa huruma, akatuambia tushuke mbele kidogo kuna ufukwe wa wazi, watu huegesha. Tukaenda. Saa nne usiku mwezi mpevu, maji yako mbali kabisa, mchanga mgumu, upepo safi. Tukaona hapa ndipo, tukatandika. Mbwa tukawafunga kamba ndefu kwenye tairi ya nyuma.

Akapita mzee mmoja na ndoo yake ya pweza. Akalimulika gari kwa tochi, akamulika mchanga, akauliza, "Wanangu, nyie mna boti au gari?" Tukamwambia gari. Akasema, "Basi leo bamvua. Saa kumi alfajiri hapa mlipo samaki wanapita." Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari inapojaa kuliko kawaida. Akatuonesha mstari wa mwani mkavu, maji yanapofika. Ulikuwa nyuma yetu, upande wa nchi kavu kutoka gari lilipo, hatua kama 20. Hatukuuona.

Hebu fikiria. Tumelala, mbwa wamefungwa kwenye tairi, maji yanapanda. Chitane naye alikufa maji, Januari 1867, wakivuka kinamasi, watu walikuwa na mambo mengi wakamsahau. Nilipolikumbuka hilo usiku ule mikono ilitetemeka, nilishindwa hata kufungua fundo la kamba ya Bobi, nikaikata.

Mzee akatupeleka kwake, chini ya mikorosho. Kabla hatujazima injini akatoa masharti yake: mbwa wakae upande wa pili wa gari, wasisogelee mkeka wake wala mtungi wa maji, yeye ataamka kuswali. Basi. Hakutaka hela, tulimlazimisha apokee ya kahawa. Asubuhi alitembea na sisi ufukweni, akakuta samaki kavimba amekauka mchangani, akamsukumia mbali kwa fimbo. "Huyo bunju. Mbwa wako akimtafuna huyo, mtamzika hapahapa." Miaka minne nasafiri na mbwa, hakuna aliyewahi kuniambia kuwa bunju ana sumu.

Mzee wa pweza, usiku wa manane, anajua kusema masharti kabla mgeni hajashuka. Kambi yenye geti, meneja na namba ya malipo imeshindwa.

Nimeshawaandikia mara tatu nirudishiwe elfu 80 zangu. Wanasoma, hawajibu. Mwenye uzoefu wa kudai hela ya namna hii aje anipe njia.

Na tunarudi kusini Desemba, tunataka kufika Msimbati. Kama kuna mdau ana kiwanja kuanzia Mikindani kwenda huko, chenye kivuli na maji ya kisima, aniambie bei. Kama mbwa hataki, aandike hapahapa "sitaki mbwa," nitamshukuru.