Naomba nafasi ya uzamili wa ubunifu wa mavazi, wananiuliza "unahoji nini". Naombeni mwongozo

Fundi_wa_Ngamiani:

Habari za humu ndani wadau. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi, nipo Tanga mjini, Ngamiani. Nilisoma ubunifu na teknolojia ya nguo pale Mlimani, nikarudi nyumbani nikafungua chumba cha kushonea na mama mdogo. Tunashona madera, magauni ya kanga, kanzu za watoto, na msimu wa harusi ukifika tunashona sare za ukoo mzima. Kazi ipo, namshukuru Mungu.

Sasa nataka kwenda kusoma uzamili wa ubunifu wa mavazi nje ya nchi. Nimepitia masharti ya vyuo kadhaa, karibu vyote vinaomba potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, na pamoja nayo maelezo ya maandishi: unahoji nini kuhusu mavazi na jamii. Hapo ndipo nimekwama. Chuoni tulipima vitu vinavyopimika. Uzi una nguvu kiasi gani, rangi inachuja au haichuji, kitambaa kikifuliwa kinarudi kwa kiasi gani. Gauni linasema nini, hakuna aliyeniuliza. Mteja naye anachouliza ni litakuwa tayari lini.

Mama ananiambia, "Kushona unajua, huko unakwenda kusomea nini tena?" Nimeshindwa kumjibu, na mtu akishindwa kumjibu mama yake ataweza kweli kuwajibu wale?

Kwenye potifolio nilipanga kuweka magauni ya bibi harusi, yale ya shanga na mkia mrefu, maana ndiyo kazi yangu iliyo safi kuliko zote. Ya kanga nilitaka kuyaacha, ni mambo ya kila siku. Kwenye kanga kinachonisumbua ni kitu cha kifundi tu, lile jina, yaani maneno yaliyochapwa kwenye kanga. Doti ina kanga mbili. Ukikata moja mbele na moja nyuma, una majina mawili ya kuyatafutia mahali. Huyu anataka likae kifuani. Yule anataka likae nyuma, lisomwe akishapita. Mwingine anasema litoe kabisa, majirani wasije wakadhani anampiga mtu kijembe. Na ukishona sketi pana ya kumwagika, jina linakatikia kwenye mshono, nusu huku nusu kule. Nalumbana na jina siku zote.

Aliyepita huko anielekeze. Wanataka nini hasa?

Kassim_Vitambaa:

Dada, nakushauri kwa moyo mweupe. Nauza vitambaa hapahapa Tanga, najua kazi zako. Hiyo pesa ya viza, tiketi na ada, nunua mashine ya ova, ya kumalizia kingo, na ya kutoboa matundu ya vifungo, chukua vijana wawili waliotoka VETA, uwafundishe. Mafundi wazuri nimewaona wakiondoka mji huu na kurudi hawarudi, tunabaki na marobota ya mitumba. Naumia nikiona hivyo, ndiyo maana nasema.

Binti_Kaole:

Marahaba mdogo wangu. Mimi niko Bagamoyo. Uzamili wa namna hiyo niliusoma Uingereza, na sasa nashona na kufundisha mabinti hapa mjini. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza, magauni ya harusi yatoe. Ufundi wake siudharau hata kidogo, kushona shanga kwa mkono usiku kucha nakujua. Lakini anayepitia potifolio ameshaona magauni ya shanga mengi mno, na shanga hazimwonyeshi unavyofikiri. Weka kanga. Umeandika habari nzima ya jina ukidhani unalalamikia kazi, kumbe hoja yako ndiyo hiyo.

Itazame vizuri. Mwanamke anachagua doti dukani kwa sababu ya jina, halafu anakuja kwako anasema lifiche. Anamwogopa nani? Anayetaka likae nyuma, anazungumza na nani, na kwa nini azungumze akiwa ameshampa mgongo? Na wewe mwenye mkasi, ukilipasua kwenye mshono wa ubavuni, umemnyamazisha au umemsitiri? Msomi wa vitabu anaweza kuliandikia hilo kurasa nyingi. Wewe unaweza kushona magauni matano, kila moja limejibu kwa namna yake, ukayasimamisha pamoja, na mtu asiyejua Kiswahili akaelewa kwamba hapa kuna ugomvi. Uzamili huu unatafuta mtu wa hivyo, mkono wake na swali lake vikae kwenye nguo moja.

Masomo yenyewe yanakwendaje? Unatundika kazi au unaivika kwenye sanamu, walimu na wenzako wanaizunguka, wanauliza. Mkono umekaa hapa kwa nini? Pindo limefichwa kwa nini? Nani ataifua nguo hii, na kwa maji ya wapi? "Kwa sababu inapendeza" si jibu. Nilipopeleka kanga, mwalimu mmoja hakutazama maua wala rangi. Alishika ukingo, akauvuta karibu na taa, akatafuta alama ya mchapaji, akaniuliza, "Hii imechapwa wapi?" Ilichapwa India. Swali hilo moja lilinipa kazi ya miezi.

Maana ukilifuata unafika mbali, na unafika hapahapa kwetu. Bagamoyo misafara ilikuwa ikiondoka kwenda bara na Ujiji, mabegani mwa wapagazi vitambaa, na njiani kitambaa ndicho kilikuwa fedha. Merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa, ilifumwa Massachusetts na majimbo jirani, Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ilipokatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zikaziba pengo. Kaniki, ile nguo ya rangi ya giza, na merikani ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na mafukara. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliziacha, wakajifunga kanga za rangi, na kila aliyewaona barabarani alielewa wanasema nini. Kanga zenyewe zikichapwa Manchester na Uholanzi. Zipo mpaka leo zenye alama ya "Mali ya Abdulla", ya wafanyabiashara wa Mombasa walioanza mwaka 1887. Kiwanda cha Urafiki pale Dar, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968. Leo ukiingia dukani, nyingi zimetoka India tena. Kwa hiyo usiende kuwaambia "kanga ni vazi la asili la Kiafrika" ukaishia hapo. Waambie nani alifuma, nani alichapa, nani alilipwa, na mwanamke wa pwani akaifanya yake kwa njia gani.

Urefu wa pindo nao una habari yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari mosi 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikawa haramu Dar es Salaam. Kabla ya hapo kulikuwa na kampeni ya kuwavua Wamasai lubega, lile shuka la begani, ili wavae "kisasa". Fikiria, serikali moja, miaka ileile: huyu anaambiwa amevaa kizungu mno, yule anaambiwa hajavaa kizungu vya kutosha. Fundi aliyekaa na futi kamba mwaka ule alikuwa anapima siasa kwenye goti la mteja. Nalipenda jambo hili kuliko yote niliyosoma, maana wazee waliolishuhudia tunao bado majumbani. Waulize kabla hujaondoka, urekodi.

Usidhani ni ya kwetu tu. Mbunifu Hussein Chalayan, mzaliwa wa Nicosia, kwa kazi yake ya kuhitimu chuo cha Central Saint Martins, London, mwaka 1993 alizifukia nguo ardhini pamoja na unga wa chuma, akazifukua zikiwa na kutu, akazionyesha hivyo. Mbunifu Thebe Magugu wa Kimberley, Afrika Kusini, ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya LVMH ya wabunifu chipukizi, mwaka 2019. Baadaye alifanya mkusanyo kuhusu wanawake waliokuwa majasusi enzi za ubaguzi wa rangi. Alizungumza na majasusi wenyewe, akachukua alama ya vidole ya mmoja wao akaifanya madoa ya kitambaa. Ukiiona kwa mbali ni nguo ya madoa tu ya kuvaa kazini. Ukisogea ndipo mwili unasisimka.

Na yupo wetu. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, 1954, alisoma uzamili wa historia ya utamaduni Royal College of Art, akamaliza 1984, na mwaka 2017 akashinda Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza. Ni mchoraji, hashoni nguo, lakini tafuta picha zake alizozipanga kama kanga: pindo, mji wa katikati, na maneno chini. Nilipoziona mara ya kwanza nilikaa chini.

Maelezo yako yaandike kama ulivyoandika hapa. Anza na yule mteja anayetaka jina likae nyuma. Wanafalsafa wa Ufaransa ambao hujawasoma usiwataje, utaulizwa. Na mama mwambie: "Nakwenda kusomea kwa nini watu wananiomba nilikate jina." Ataelewa, yeye mwenyewe kanga zake hazinunui bila kusoma.

Kaka Kassim, hofu yako naiheshimu. Mimi nilirudi. Mashine ya ova ninayo.

Mzee_wa_Chumbageni:

Naongezea ya vyuo, kwa kuwa nimemsaidia mwanangu kuomba.

Tofautisha kozi za kutengeneza na kozi za kuchambua. Parsons ya New York inazo zote mbili: moja inaitwa Fashion Design and Society, unashona na kubuni, nyingine ni Fashion Studies, unasoma na kuandika. Ukizichanganya utajikuta huna cherehani mwaka mzima. Royal College of Art ya London ni ya uzamili na uzamivu tu, haina shahada ya kwanza, kwa hiyo hutachanganywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ukipenda upande wa vitambaa vyenyewe, kufuma na kuchapa, tazama chuo cha Aalto cha Ufini na chuo cha nguo cha Borås, Uswidi, mji wa viwanda vya nguo tangu zamani. Wasikudanganye kwamba kule ni bure. Sisi tusio wa Ulaya Uswidi inatutoza tangu 2011, Ufini tangu 2017.

Uingereza kuna ufadhili wa Chevening, wa mwaka mmoja. Unachagua kozi tatu, uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Sharti lingine, ukimaliza unarudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili. Hilo litampoza bwana Kassim. Binti yangu, daftari lako la oda lenye tarehe usilitupe, litakufaa kueleza uzoefu.

Fundi_wa_Ngamiani:

Dada, umenitoa machozi, kweli. Jana mama mdogo aliponiona nimezitandaza doti zote sakafuni nikisoma majina, alidhani tumepoteza oda ya mtu.

Niulize moja. Bibi yangu yuko Pangani, anasuka ukili, ule mkanda wa miyaa wa kushonea mikeka. Nimefikiria kola ya ukili kwenye moja ya magauni matano. Nilijaribu kuukunja, ukavunjika kwenye kona. Na je, nikiutumia, kazi itakuwa yangu au yake?

Binti_Kaole:

Umevunjika kwa sababu ni mkavu. Miyaa inataka unyevu. Ufunike kwa kitambaa kibichi mpaka ulainike, ukunje, ubane na vibanio vya nguo mpaka ukauke na umbo lake. Hata hivyo kona kali usiilazimishe, acha kola izunguke. Bora zaidi, mwombe bibi akusukie mkanda mwembamba kwa kipimo cha shingo uliyoikata, kuliko wewe kuukata mkeka. Ukili ukikatwa unafumuka, ukimaliziwa na msukaji mwenyewe unatulia.

La pili ndilo zito. Andika jina lake kwenye potifolio, kama mshirika, kwa ridhaa yake. Usiandike "ufundi wa jadi wa pwani" kana kwamba ukili ulijisuka. Mlipe kama unavyomlipa fundi mwingine yeyote, na kabla ya kupiga picha mikono yake muulize. Kule utakutana na watu wazuri kabisa ambao wamezoea mbuni kuwa na jina na msukaji kutokuwa nalo. Usiizoee.

Picha: piga na upande wa ndani. Wanataka kuona mshono ulivyomaliziwa, ulipofumua, ulipoandika kwa chaki. Na kanga usizikate kwanza. Magauni yote matano yashone ya majaribio kwa merikani, jina uliandike kwa kalamu mahali unapotaka likae, uvae, mtu atembee nyuma yako, ndipo uamue.

Kassim_Vitambaa:

Nimesoma yote, hata mara mbili. La sharti la kurudi nilikuwa silijui. Dada wa Ngamiani, merikani ninayo, jora zima limekaa. Nitakukatia kwa bei ya jumla. Ila lifue kwanza kabla ya kukata, linarudi sana.

Fundi_wa_Ngamiani:

Asante kaka. Nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri, nikishakabidhi sare za watu. Niwekee mita kumi na tano.