Haihati ya dramu za umeme haifungi kabisa, na inaruka katikati

ToaziLaJuu

Habari wakuu. Naomba msaada wa kuiweka sawa pedali ya haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu. Ni ile ya kukaa sakafuni, isiyo na stendi, na inaingia kwenye moduli (kile kisanduku kinachogeuza mapigo kuwa sauti) kwa waya mmoja wa jeki ya 6.35 mm. Moduli imeungwa na kompyuta kwa USB, sauti zinatoka kwenye programu ya dramu.

Shida ni tatu. Nikikanyaga mpaka mwisho, haihati bado inasikika imeachama kidogo, lile "tsss" halikatiki. Nikiachia polepole, sauti haipiti kwenye nusu-wazi, inatoka kufungwa na kurukia wazi. Na nikikanyaga bila kupiga kijiti, ile "chik" ya mguu mara nyingine inatoka mara mbili.

Nikisikiliza sauti za moduli yenyewe kwa hedifoni, shida ya kwanza inapungua lakini haiishi. Ndani ya programu nimejaribu kuvuta mkunjo wa pedali (mstari unaoamua kila namba ya pedali isikike wazi au imefungwa kiasi gani): nikitengeneza kufunga, kufungua kunaharibika. Nianzie wapi?

FundiWaPedi

Mkuu, huo mkunjo urudishe ulivyokuwa kabla hujaugusa. Harakati ya mguu inapita mikono mitatu: pedali, moduli, programu. Kosa la pedali ukilitibu kwenye programu, unapata hicho unachokieleza, maana mkunjo unaweza kuzinyoosha namba zilizofika tu. Namba ambazo hazikutumwa hauwezi kuzizalisha.

Kwa hiyo anza kwa kuziona namba. Fungua programu ya kuangalia MIDI, yaani ujumbe wa namba ambao moduli huutuma kwa kompyuta: kwenye Windows ipo MIDI-OX, kwenye Mac ipo MIDI Monitor, zote zinatosha. Nafasi ya pedali ya haihati kwa kawaida hutumwa kama CC4 (ujumbe wa MIDI wa kidhibiti namba 4), kutoka 0 hadi 127. Moduli nyingi hutuma 0 pedali ikiwa wazi na 127 ikiwa imefungwa. Zipo zinazogeuza, na ndiyo maana programu nyingi za dramu zina kitufe cha kupindua uelekeo. Kwenye General MIDI, mpangilio wa kawaida wa namba za sauti, noti 42 ni haihati iliyofungwa, 46 ni wazi, 44 ni mguu peke yake.

Fanya hivi, na andika namba kwenye karatasi:

1. Usiguse pedali kabisa. Inatuma nini? Inatakiwa itulie.
2. Kanyaga kwa uzito unaotumia ukiwa unapiga wimbo, si kwa nguvu zako zote. Inaishia ngapi?
3. Sasa kandamiza kwa nguvu. Inaongezeka?
4. Shusha mguu polepole kwa hesabu ya sekunde 5, kisha upandishe vivyo hivyo. Tazama kama namba zinatiririka au zinaruka, na zikiruka ni kati ya ngapi na ngapi.

Jaribio la nne lirudie mara tatu. Kuruka kukitokea pale pale kila safari, tatizo lina mahali pake kwenye kihisi cha pedali au kwenye mkunjo wa moduli. Kukihamahama, shuku waya, soketi au uchafu.

Kabla ya hayo yote, zima moduli, ondoa mguu, washa tena ukiwa umekaa mbali na pedali. Baadhi ya moduli huchukua kipimo cha "wazi" wakati wa kuwaka. Mguu ukiwa juu ya pedali sekunde hizo, kipimo chote kinakaa vibaya mpaka uzime.

WayaMweusi

Naongeza la waya, kwa sababu linasahaulika. Itazame jeki yenyewe: ikiwa na mistari miwili myeusi ni stereo, ukiona mmoja ni mono. Pedali nyingi zinazopima nafasi hatua kwa hatua zinataka stereo. Jeki ya mono ikiingia kwenye soketi ya stereo inagusanisha pete na shina (kwenye jeki ya stereo ncha iko mbele, pete katikati, shina nyuma), na ikiwa kihisi kimeungwa kwenye pete, moduli inaona pedali imefungwa daima, au haioni chochote.

Mita nayo itakupa jibu dakika mbili. Chomoa waya upande wa moduli, upande wa pedali uache. Weka mita kwenye omu na upime jozi zote tatu: ncha na shina, pete na shina, ncha na pete. Jozi moja lazima ibadilike unapokanyaga. Ikipanda au kushuka taratibu, kihisi kiko hai. Ikikata tu, kuna mguso au hakuna, basi hiyo ni swichi, na nusu-wazi haitapatikana hapo hata ukibadilisha moduli. Ukiwa na mita ya mshale itumie hiyo. Mita ya tarakimu husoma mara chache kwa sekunde na inaweza kuuruka ule ukatikaji unaoutafuta.

Tikisa pia waya karibu na jeki wakati unapima. Namba zikicheza hapo, umemaliza kazi.

ToaziLaJuu

Nashukuru wakuu. Waya ni stereo, kuutikisa hakubadilishi kitu. Namba ni hizi: bila kugusa inachezacheza kati ya 0 na 4. Kwa uzito wa kawaida 97, kwa nguvu 104, haizidi hapo. Ikipanda polepole inaruka kutoka 38 hadi 81, na kurudi hivyo hivyo, mara zote tatu. Kwenye mita ya mshale ukinzani unabadilika vizuri, halafu kabla ya nusu ya safari mshale unakatika ghafla na kurudi ukiwa mbali.

FundiWaPedi

Kama mita inaona mruko ule ule, moduli na programu hazina kosa. Ni kihisi.

Pedali za aina hii nyingi zina ukanda mweusi wa kaboni, na juu yake kipande cha mpira kinachoshushwa na ubao wa pedali. Mpira ukikandamizwa unatanuka na kugusa sehemu kubwa zaidi ya ukanda, ukinzani unashuka. Mahali mguu unapotua mara nyingi kaboni huisha au hujaa vumbi la mpira, na hapo ndipo penye mruko wako.

Ifungue. Chomoa waya, geuza pedali, toa skurubu za chini, na piga picha kabla hujagusa chochote ndani. Ukanda ufute kwa kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo tu spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa mwendo mmoja, bila kusugua. Msasa hapana, wala kifutio: vinaondoa kaboni yenyewe. Mpira ufute kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya kulainisha yasifike huko kabisa.

Kisha utazame ukanda kwa kuuinamisha chini ya taa. Weusi ukiwa sawasawa, usafi utatosha. Ukiona doa linalong'aa au kijivu umbo la mpira, kaboni imekwisha, na ukanda unabadilishwa. Hakuna dawa nyingine ya kudumu.

Kuhusu 104, kabla ya kufunika, rudisha waya kwenye moduli na ukandamize mpira kwa kidole gumba. Ukifika 125 na zaidi kwa kidole lakini kwa ubao unaishia 104, kihisi ni kizima, ubao ndio haufiki: mpira umelika, au kituo cha ubao kinagota mapema. Kata kipande chembamba cha kadi au tabaka mbili za tepu, weka kati ya mpira na ubao unaoushusha, si kati ya mpira na kaboni. Ongeza tabaka moja moja. Ukizidisha, pedali haitarudi 0 ikiachwa, kwa hiyo kila tabaka pima ncha zote mbili.

MguuWaKushoto5A

Likishakaa sawa la pedali, ndipo uingie kwenye moduli, na programu iwe ya mwisho. Kwenye moduli chagua aina sahihi ya pedali kama menyu inayo, maana kila aina ina mkunjo wake. Halafu kalibresheni, yaani kuionyesha moduli wazi na kufunga kwa pedali yako viko wapi, ukiwa na kiatu unachopigia.

Kwenye programu usiweke "imefungwa" kwenye namba ya juu kabisa. Kama uzito wako wa kawaida utatoa 118, weka mpaka wa kufunga kwenye 110 hivi. Mguu ukilegea kidogo katikati ya wimbo toazi libaki limefunga. Chini nako acha nafasi, 0 hadi 8 zote zihesabiwe wazi, kwa sababu uzito wa mguu uliopumzika unasukuma kidogo. Hii 0 hadi 4 yako inayochezacheza itamezwa hapo. Nusu-wazi igawe katikati kwa sikio: piga noti za nane (mapigo mawili kwa kila hesabu) kwa kijiti huku ukiinua kisigino polepole, sogeza nukta ya katikati mpaka usisikie ngazi.

La "chik" mbili lina asili tatu, zichunguze kwa mpangilio huu. Kwanza, zima kabisa sauti ya moduli, hakikisha husikii moduli na programu kwa pamoja. Pili, tazama noti 44 kwenye skrini. Ikija moja tu na unasikia mbili, programu inatengeneza yake kutokana na mwendo wa CC4 na nyingine kutokana na noti 44, zima mojawapo. Tatu, zikija noti 44 mbili kwa kanyago moja, ubao unadunda: punguza usikivu wa pedali kwenye moduli, na angalia kama pedali inateleza sakafuni. Pedali inayotambaa mbele inadunda zaidi.

Kwa wenye kidhibiti cha kukaa kwenye stendi halisi, kazi ni tofauti kidogo. Simamisha stendi wima, legeza klachi (kibano kinachoshika toazi kwenye fimbo ya stendi), acha toazi lilale lenyewe juu ya kihisi bila kulisukuma, na hapo ndipo urekebishe kipimo cha mwanzo kwenye menyu. Baada ya hapo inua toazi kama sentimita 1, kaza klachi. Ukikaza klachi kwanza, kipimo unachochukua ni cha mahali pasipo na mguso, na kufunga hakutakaa sawa.

ToaziLaJuu

Nimefungua. Kwa kidole gumba inafika 126. Nimefuta ukanda, kuna doa dogo la kijivu lakini mruko umepungua, sasa ni kutoka 52 hadi 60 tu. Tabaka mbili za tepu zimenifikisha 119 kwa uzito wa kawaida, na ikiachwa inarudi 0. "Chik" mbili ilikuwa ile ya pili, programu ilikuwa inaongeza yake.

Imebaki moja: nikirekodi na kunyoosha mapigo kwenye gridi (programu iyavute yakae sawa na mistari ya hesabu), haihati inafunguka pasipotakiwa, wakati nilivyopiga ilisikika vizuri.

WayaMweusi

Hapo pedali haihusiki. Ukinyoosha mapigo, programu nyingi za kurekodi husogeza noti na kuacha CC4 pale ilipokuwa. Noti ikivutwa iwe mapema kwa milisekunde 20, inaangukia kabla ya mguu kufunga, na programu ya dramu inaipa sauti ya nafasi ile ya zamani. Fungua dirisha la CC4 chini ya noti utauona mlima umechelewa. Sogeza mikunjo ya CC4 pamoja na noti, au nyoosha kwa asilimia 50 tu badala ya 100.

Na kwa anayetumia waya wa MIDI wa pini 5 badala ya USB: ujumbe wa baiti 3 unachukua karibu milisekunde 1, kwa hiyo pedali inayochezacheza bila kutulia inajaza njia na kuchelewesha kiki na sneya. Doa lako la kijivu litakua, mkuu. Tafuta ukanda mpya mapema.