Kukodi bendi kongwe ya dansi kwa sherehe ya nyumbani Dar es Salaam: tuzingatie nini?

Mwana wa Tabata aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba yetu anatimiza miaka 70 mwishoni mwa Desemba, nasi watoto wake tumekubaliana kumfanyia sherehe nyumbani, Tabata. Wageni watakuwa kama mia moja na hamsini, wengi wao wakiwa watu wa rika lake waliofanya kazi katika mashirika ya umma na kumalizia wiki zao katika ukumbi wa DDC Kariakoo au DDC Magomeni Kondoa. Dada yetu alipendekeza DJ mwenye hazina nzuri ya zilipendwa, lakini mzee akisikia tarumbeta za bendi ya Sikinde redioni huacha hata chakula, kwa hiyo tumeona heri tumletee bendi yenyewe.

Naomba kufahamishwa kama bendi kongwe hupokea kazi za nyumbani, nani wa kuzungumza naye, na kama inawezekana kuchukua nusu ya bendi ili kupunguza gharama. Nina wasiwasi pia kuhusu umeme na majirani. Kuna na jambo dogo la kifamilia: baba mdogo ni mtu wa Msondo, bendi hasimu ya Sikinde, kufa na kupona, na ndiye aliyeahidi mchango mkubwa kuliko wote, hivyo tungependa asije akanuna.

Besi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwana wa Tabata, hongereni kwa kumfanyia mzee jambo hili angali hai, maana wengi wetu hukumbuka muziki alioupenda mtu tunapoandika wasifu wa marehemu.

Bendi hizi hupokea kazi za nyumbani, tena huzipenda, na ukielewa sababu utaelewa pia jinsi ya kujadiliana nazo. Msondo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilishwa jina kila chama kilipobadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, hadi ikabaki na jina la mtindo wake. Mlimani Park Orchestra, ambayo mtindo wake ndio huo Sikinde, ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Enzi hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Leo mfuko wa bendi unategemea zaidi kiingilio cha mlangoni na kazi za kukodiwa. Kwa hiyo ukiiomba bendi siku ambayo kwa kawaida inapiga katika ukumbi wake, usishangae ukitajiwa bei kubwa, kwa sababu inabidi ufidie mlango ambao hautafunguliwa na wateja watakaokwenda kwingine. Ukichagua siku ambayo haina ratiba ya kudumu, mazungumzo yanakuwa mepesi sana.

Zungumza na kiongozi wa bendi au katibu wake, na usizungumze na mwanamuziki mmojammoja hata kama ni jamaa yako. Njia ya uhakika ni kwenda ukumbini siku ya onesho, ukasubiri mapumziko, ukajitambulisha kwa heshima. Utawasikia wakipiga kabla hujatoa hata senti, na utamjua anayetoa amri jukwaani. Nasisitiza hili kwa sababu wapo watu wa kati wanaouza jina la bendi kubwa, kisha wanakuletea mkusanyiko wa watu ambao wamewahi kuipigia bendi hiyo kwa vipindi. Kupiga wanaweza kupiga vizuri tu, ila si kile ulichokilipia. Mkataba uandikwe, hata ukiwa wa ukurasa mmoja, useme tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, nani analeta vyombo, nani anawarudisha wanamuziki nyumbani usiku, na kiasi cha advansi pamoja na masharti ya kurudishwa kwake.

Kumbuka pia kwamba sauti anazozikumbuka mzee nyingi hazipo tena. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Muhiddin Gurumo mwaka 2014, na Shaaban Dede mwaka 2017. Waliopo wanazibeba nyimbo hizo kwa uaminifu, lakini mwandaeni mzee mapema, asije akakaa akisubiri sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kuhusu nusu ya bendi, ushauri wangu ni kupunguza muda na si watu. Muziki wa dansi umejengwa kwa majibizano: gitaa la solo linazungumza na la pili, rizimu inashikilia chini, tarumbeta na saksafoni zinaingia pale waimbaji wanapopumua. Ukiondoa mabomba, yaani hizo tarumbeta na saksafoni, umebakiwa na wimbo uliotobolewa matundu, na mtu kama baba yako atayasikia yote. Bora watu kumi na wanne kwa saa mbili na nusu kuliko watu sita kwa usiku kucha.

Fundi Mitambo alijibu:

Nakubaliana na mzee wangu Besi. Mimi nitajibu la umeme, kwa sababu ndipo sherehe nyingi za uani huharibikia.

Nyumba yetu ya kawaida ina njia moja ya umeme, na siku hiyo njia hiyo itakuwa imebeba majokofu ya vinywaji, taa za mapambo, feni za wageni wakubwa na mashine ya juisi kule jikoni. Nimewahi kuwa kwenye sherehe ambayo kila mashine ya juisi ilipowashwa, kinanda kilijizima na kujiwasha upya, kikirudi na sauti ya filimbi badala ya ile aliyokuwa ameipanga mpigaji, naye akawa anatazama jikoni kila baada ya ubeti. Ikodieni bendi jenereta yake peke yake, isiyochangia hata balbu moja na nyumba, na umeme wa TANESCO muuachie jikoni na mapambo. Jenereta iwekwe nyuma ya nyumba, mbali na jukwaa, kwa kebo nene na ndefu, na ijazwe mafuta kabla wageni hawajafika. Kwa upande wa nyumba, mtu mmoja apewe jukumu la kuangalia LUKU mchana wa siku hiyo, maana nimeshuhudia hotuba ya mgeni rasmi ikikatizwa na uniti zilizokwisha.

Ulizeni mapema kama bendi inakuja na vyombo kamili au inakuja na magitaa na mabomba tu, ikitegemea spika na miksa zenu. Kama ni hili la pili, fundi wa spika azungumze na fundi wa bendi kabla ya siku yenyewe. DJ na mshereheshaji wasitumie vipaza sauti vya waimbaji, wawe na vyao. Vyombo vijaribiwe alasiri, viti vikiwa bado vitupu, kwa sababu kujaribu ngoma mbele ya wageni walioketi kunachosha pande zote mbili.

Kuhusu majirani, spika zielekezwe ndani ya uwanja wenu na kuinamishwa kidogo kuelekea wachezaji, zisielekezwe kwenye ukuta wa jirani. Kibali mkichukue ofisi ya serikali ya mtaa, mkaulize hapohapo utaratibu wa polisi, na msichukulie kibali hicho kuwa ruhusa ya kukesha. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinatenganisha mchana na usiku, na katika maeneo ya makazi usiku ndio wenye masharti makali zaidi. Muziki ukianza saa kumi jioni mkamaliza saa nne usiku, mtakuwa mmecheza vya kutosha na hamtagombana na mtu.

Mama Kamati alijibu:

Wanangu, mmemaliza vyombo na umeme, mimi naongeza ratiba. Kosa ninalolikuta katika kamati nyingi ni kuichomeka bendi katikati ya keki, zawadi na hotuba, ikipewa nyimbo mbili halafu inasimamishwa. Wimbo wa dansi hauendi hivyo. Unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake beti kwa beti, watu wanacheza kwa kujizuia, kisha ndipo linapokuja chemko, ile sehemu ya kasi, na uwanja unajaa. Ukimkatiza mpiga solo kabla ya chemko umemnyima kila mtu kile alichokuwa anakisubiri. Wekeni hotuba, sala na keki kabla ya saa kumi na mbili, kisha mwachieni kiongozi wa bendi uwanja, na mshereheshaji aketi ale. Vijana wapewe DJ wao wakati bendi imepumzika.

Chagueni nyimbo nne au tano ambazo ni lazima zipigwe na mzipeleke wiki mbili kabla, zilizobaki mwachieni kiongozi, kwani yeye anaona miguu ya wageni kuliko ninyi. Mkitaka mzee atajwe katika wimbo, andikeni majina, ukoo na mambo mawili matatu ya maisha yake, msimnong'oneze mwimbaji jukwaani.

Wanamuziki wale kabla ya kupanda jukwaani, wale chakula kilekile cha wageni, na watengewe meza yao, si nyuma ya masufuria. Suala la kutunza nalo liamuliwe mapema. Wageni wa rika la baba yenu watapanda kutunza, ni furaha yao, kwa hiyo vijana wa ulinzi wasiwazuie wazee wenye noti mkononi, na fedha hizo ni za wanamuziki, kamati isizihesabu katika malipo.

Kuhusu baba mdogo, ondoeni hofu. Gurumo, Bitchuka na Dede kila mmoja aliimba Msondo na Sikinde kwa nyakati tofauti, kwa hiyo utani wenu wa nyumbani wanamuziki wenyewe waliuvuka zamani. Mwombeni kiongozi wa bendi amwite baba mdogo kwa jina na kumtania mbele za watu, atatunza kuliko wote.

Mwana wa Tabata aliandika:

Nawashukuru sana. Tumeamua kuchukua bendi nzima kwa muda mfupi, na jenereta tumekwisha kuiulizia. Nina swali moja la ziada: mjukuu mmoja angependa kurekodi video na kuiweka YouTube ili ndugu zetu walioko Muscat na London waione. Je, kuna kizuizi? Halafu, tarehe tuliyoifikiria ni 26 Desemba.

Besi Mstaafu alijibu:

Kurekodi kwa kumbukumbu ya familia sijaona bendi ikikataa, lakini kuiweka hadharani ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na pia mwanamuziki anayetumbuiza, kwa hiyo ruhusa iombwe kwa kiongozi na iandikwe katika mkataba uleule. Mara nyingi wataruhusu vipande vifupi. Wasiporuhusu, watumieni ndugu wa Muscat na London video hiyo moja kwa moja.

Tarehe ndiyo itakayowasumbua. Krismasi, Mwaka Mpya na sikukuu za Idi ni siku za mavuno kwa bendi, na mara nyingine Msondo na Sikinde huwekwa jukwaa moja kushindana, umati ukajaa. Tarehe 26 mtaikuta imekwisha kuchukuliwa, au mtatajiwa bei ya sikukuu. Mkiweza kuisogeza hadi Ijumaa au Alhamisi ya katikati ya Januari, mwezi ambao mifuko ya wateja imekauka na kumbi zina nafasi, mtaipata bendi ikiwa kamili na haina haraka ya kwenda kwingine. Mkaulizie sasa, kabla ratiba ya sikukuu haijafungwa.